Oili ya Dokta

Jumapili ile Dokta aliupanda mlima wa kanisa la Kibimba akitoa moshi wa buluu, mzito kama wa majani mabichi yanayochomwa shambani, na kwa bahati mbaya kwaya nzima ilikuwa nje ikijipanga kuingia. Wanakwaya wakaziba pua kwa mikono ya majoho yao. Mwalimu Felisita akazima injini, akavuta breki ya mkono, akavua kitambaa alichokifunga kwa ajili ya upepo na kujifunga kingine cha ibada. Hakuharakisha wala hakugeuka nyuma.

"Mwalimu, leo umetuonea huruma," akasema Eustakia, jirani yake, ambaye aliimba sauti ya pili. "Padri ana ubani kidogo, wewe umetuletea wa gari zima."

"Ingia ukaimbe, Eustakia. Sauti yako itasikika leo, wenzako wote wanakohoa."

Watu walicheka, naye akaingia kanisani akiwa amenyoosha shingo. Lakini misa nzima hakusikia neno. Moshi ule ulikuwa umeingia wiki ya tatu sasa, na kila wiki ulizidi.

Dokta lilikuwa jina la gari. Lilikuwa MG ya Uingereza ya mwaka 1965, nyekundu, ya viti viwili, isiyo na paa ila turubai la kukunja, na fupi kiasi kwamba mbuzi akisimama kando yake mnatazamana naye usoni. Daktari mmoja wa kigeni alilitumia miaka saba, na alipofungasha kwenda kwao mwaka 1974 alimuuzia dereva wake, Bigirimana, mume wa Felisita. Bigirimana alilipa kwa kahawa ya misimu mitatu. Ndugu walimwona ameingiwa na wazimu. Gari gani lisiloweza kubeba hata gunia moja la maharage?

"Magunia yana baiskeli," Bigirimana aliwajibu. "Hili litanibeba mimi na mke wangu."

Hata hivyo hakuwa mtu wa kupoteza mali. Siku aliyopewa ufunguo alikwenda nyuma ya nyumba, akahesabu migomba sitini, akaitenga. Ikaitwa migomba ya Dokta. Ndizi zake ndizo zilizonunua plagi, tairi, betri na oili, na sharti likawa moja: Dokta asile zaidi ya migomba yake. Mwaka ambao angevuka hapo, angeuzwa. Miaka miwili nyuma, siku ya kumaliza matanga ya Bigirimana, ndugu waliuliza mjane atafanya nini na gari la mapambo, na Felisita akasimama akalirudia sharti lile mbele ya wote. Alikuwa amefundisha miaka thelathini, kumi na miwili akiwa mwalimu mkuu, na alipotoa neno hakuwa na desturi ya kulirudisha.

Katika miaka ya themanini oili ilikuwa haipatikani. Bigirimana aliweza kukaa miezi akitafuta nusu lita, na injini ikaishi kwa kubaniwa. Kila alipochomoa kile kijiti cha chuma cha kupimia oili, ncha tu ndiyo iliyokuwa imelowa, naye angeguna na kukirudisha. Lakini sasa ulikuwa mwaka 1995. Wakimbizi walikuwa wamevuka kwa malaki kutoka Rwanda na Burundi, na nyuma yao yakaja mashirika, na magari meupe, na malori ya mahindi usiku na mchana. Soko la Ngara likajaa vitu ambavyo watu walikuwa wamesahau kuvitamani. Oili ilipangwa mezani katika makopo ya plastiki yanayong'aa. Felisita alichagua ile ya bei ya juu kabisa, ile ambayo muuzaji aliapa kwamba ndiyo zinayokunywa Land Cruiser mpya, akalipa bila kunung'unika. Mumewe angefurahi, alijiambia. Dokta alikuwa amekaa na njaa muda mrefu.

Nyumbani kwao Felisita, mgeni akiketi aliwekewa rubisi, pombe ya ndizi, kwenye kibuyu, na kibuyu hicho hakikuachwa kikashuka. Mwenyeji hakuchungulia ndani kuona mgeni amekunywa kiasi gani, maana kuchungulia ni uchoyo, ni kumhesabia mtu mafunda. Aliongeza tu. Felisita alilelewa hivyo na mama yake, akakuta hivyo kwa mama mkwe wake, na hakuwahi kufikiri kwamba kuna namna nyingine ya kumpa mtu kinywaji. Basi alimimina kopo zima juu ya oili iliyokuwamo, na kila Jumamosi, kabla ya safari ya kanisani, akaongeza kikombe. Kijiti hakukigusa. Kijiti kilikuwa cha siku za dhiki.

Jumatatu, shemeji yake Irakoze, mdogo wa Bigirimana, alikuja na mgeni. Mgeni aliitwa Nyanda, mfanyabiashara wa Mwanza, kijana wa miaka thelathini na kitu mwenye malori mawili yaliyokuwa yakileta mahindi ya wakimbizi na kurudi matupu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

Nyanda alimzunguka Dokta mara mbili akipitisha kiganja juu ya mabati yake. Alipomwasha, ua wote ukajaa moshi na kuku wakakimbilia kwenye migomba. Nyanda akazima haraka.

"Mama, nitakwambia ukweli. Ringi za pistoni zimekwisha. Hapa ni ovahoo, kuifungua injini yote, na vipuri vyake ni vya kuagiza Ulaya. Utauza shamba zima na bado hutamaliza."

"Na wewe unamtakia nini mgonjwa wa namna hiyo?"

"Namchukua kama chuma tu. Nitakupa bei ya ng'ombe wawili."

"Ng'ombe wawili!" Felisita akamgeukia Irakoze. "Shemeji, kaka yako alilipa misimu mitatu ya kahawa."

Irakoze alikuwa mtu mwema asiyependa ugomvi, na alisema huku akitazama viatu vyake. "Shemeji, sharti ulilitaja mwenyewe. Migomba sitini haiwezi ovahoo."

"Nililitaja, na bado nalitaja. Bwana Nyanda, njoo Jumamosi na lori lako. Kama ni ovahoo, utamchukua. Lakini mpaka Jumamosi Dokta ni wangu."

Alipobaki peke yake aliingia garini, akakaa bila kuwasha, mikono juu ya usukani. Akiwa kwenye kile kiti cha pili, mumewe ndiye aliyemfundisha kuendesha, akimwambia kanyaga, achia, kanyaga, mpaka wanafunzi wake wakayatungia maneno hayo wimbo. Siku tano.

Jumanne asubuhi aliteremka polepole hadi Kirushya, kwa fundi Sindayigaya. Huyu alivuka kutoka Burundi mwaka 1972 akiwa kijana wa miaka ishirini. Ufundi aliujifunza mwenyewe, kwa kitabu kimoja cha malori ambacho alikisoma na kamusi pembeni, ukurasa mmoja kwa juma. Mashirika yalipokuja kutafuta mafundi, naye alikwenda. Alirudi kwenye banda lake la bati baada ya miezi miwili. Kule, alisema, kifaa kikivunjika kinatupwa na kufungwa kingine, na hakuna anayeuliza kwa nini kilivunjika.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, fundi. Nimemleta Dokta. Wanasema anakufa."

"Nani anasema?"

"Mtu wa Mwanza."

"Aa." Sindayigaya akaweka kiganja juu ya injini iliyokuwa ikinguruma, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mtoto akihema. Kisha akasema, "Zima. Sasa tungoje."

"Tungoje nini? Nina siku nne tu."

"Ipoe kidogo, oili ishuke yote chini. Nusu saa."

Nusu saa ile Felisita aliiona ndefu. Fundi alimletea chai na kiti cha kamba, akaendelea kuosha kabureta ya mtu mwingine. Muda ulipotimia alichomoa kijiti, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha, akakichomoa tena. Alikitazama. Akafanya vile mara tatu.

"Mwalimu, oili anamwekea nani?"

"Mimi mwenyewe, kwa mkono huu," akajibu Felisita kwa fahari. "Tangu Pasaka hajapungukiwa hata siku moja."

Sindayigaya hakucheka. Alimpa kijiti. "Hebu nisomee."

Felisita akavaa miwani. Kijiti kilikuwa na mistari miwili iliyochongwa, na oili ilikuwa imepita wa juu kwa upana wa vidole vitatu.

"Naona mistari miwili."

"Oili inatakiwa ikae wapi?"

Aliuliza bila haraka, kwa sauti ambayo Felisita aliitambua. Ndiyo aliyoitumia yeye mwenyewe miaka thelathini, kumwachia mtoto nafasi ya kufika mwenyewe kwenye jibu. Akakisogeza kijiti karibu na miwani.

"Kati ya mistari hiyo," akasema taratibu. "Isizidi ule wa juu."

"Na hii?"

 Felisita akavua miwani. Fundi alichuchumaa akamwonyesha lile bakuli la chini ya injini.

"Ndani humu kuna chuma kinachozunguka. Kikiwa juu ya oili, kinapumua. Oili ikikifikia, kinaipigapiga kama mtu anayesukasuka maziwa, povu linaruka mpaka kwenye pistoni na linaungua. Ndio moshi wako."

"Nilimwongezea kila Jumamosi bila kuangalia," Felisita akasema. "Niliona aibu kumchungulia, kama vile ni mgeni wangu."

"Angekuwa mgeni angesema ameshiba," akasema Sindayigaya, na safari hii wote wawili wakacheka. "La pili ni wembamba. Kopo lako liliandikwaje?"

"Kumi, thelathini."

"Hiyo namba ya mwisho ndiyo uzito wake injini ikiwa ya moto. Hii ya thelathini ni nyepesi, imetengenezewa injini mpya ambazo vyuma vyake vimebanana. Dokta alitengenezwa zamani, nafasi kati ya chuma na chuma ni kubwa, na miaka imeiongeza. Oili nyepesi inapita humo kama maji kwenye kikapu. Yeye anataka ishirini, hamsini. Na haina bei ya ile yako. Hainunuliwi sana siku hizi kwa sababu haina kopo zuri."

"Kwa hiyo ringi ni nzima?"

"Sijasema hivyo."

"Unasema nini basi, Sindayigaya?"

"Nasema sijui. Na huyo wa Mwanza hajui. Katika hali hii hakuna anayeweza kujua. Tuondoe kwanza kilichozidi, halafu tumuulize Dokta mwenyewe."

Walimwaga oili yote ndani ya debe, ikatoka nzuri bado, ya rangi ya asali. Fundi akachomoa plagi nne, akazipanga juu ya gazeti kwa mfuatano wake, akazisugua kwa petroli na brashi ya waya.

"Hutaninunulia mpya?" Felisita akauliza.

"Kwa nini? Zimechafuka, hazijafa."

Kisha akamwita karibu. Alimwomba aweke kidole gumba juu ya tundu la kwanza la plagi na akaze kwa nguvu zake zote, na yeye akaenda mbele kuzungusha injini kwa hendeli. Upepo ukaja kutoka ndani na kukirusha kidole cha Felisita kwa kishindo kidogo. Tundu la pili likakirusha vilevile. La tatu pia. Kwenye la nne alikaza kwa uzito wa mwili wote, na bado kidole kikaruka.

"Ringi zilizokwisha hazina nguvu ya kukushinda," akasema Sindayigaya akifuta jasho. Akatabasamu. "Lakini atatoa moshi siku mbili tatu. Bomba limelowa mpaka mwisho. Usimhukumu kabla ya Ijumaa."

Akamimina oili nzito kwa kipimo, akisimama kila mara kuchomoa kijiti, mpaka ilipogusa mstari wa juu. Kisha wakakaa wakapanga matunzo. Land Cruiser za mashirika humwaga oili kila mwezi kwa sababu hazilali. Dokta huenda kanisani na sokoni tu. Felisita atamwaga oili yake mara mbili kwa mwaka, baada ya kila mavuno ya maharage, ili isisahaulike. Filta itabadilishwa kila oili inapomwagwa. Plagi zitasafishwa, zitanunuliwa zikishindwa. Na debe la oili nyepesi atalirudisha nyumbani, apake nguzo za banda la ng'ombe, mchwa wazikimbie.

"Migomba ni mingapi?" fundi akauliza.

"Sitini."

"Ishirini inamtosha."

Jumatano Dokta alifuka moshi njia nzima, na Felisita akauma meno. Alhamisi ulipungua ukawa wa kijivu. Ijumaa alfajiri aliupanda mlima wa kanisa peke yake, akasimama juu, akashuka, akaenda nyuma na kuweka kitambaa cheupe mbele ya bomba injini ikinguruma. Kililoa unyevu kidogo. Hakikuwa na doa.

Jumamosi asubuhi lori la Nyanda likaingia uani, na Irakoze pembeni. Felisita akamwasha Dokta bila salamu ndefu. Kuku waliendelea kudonoa.

Nyanda alitazama bomba, akainama, akachomoa kijiti, akasugua oili kati ya vidole. Kisha akacheka kwa sauti.

"Mama, mama! Hii nzito hii? Hiyo ni mbinu ya madalali. Injini ikifa wanaitia uji, inanyamaza siku mbili mpaka mnunuzi afike mbali. Fundi wako anakuficha ugonjwa."

Irakoze akamtazama shemeji yake kwa huzuni. Felisita akajua kwamba jibu liko moja tu, na kwamba lazima litoke kinywani mwake, mbele ya Eustakia ambaye tayari alikuwa ameegemea uzio, na mbele ya wanafunzi wake wa zamani waliokuja kuona gari likipakiwa. Angeweza kusema ni oili mbovu ya sokoni. Aliinua kichwa.

"Fundi hakuficha kitu. Kosa lilikuwa langu. Nilimjaza Dokta oili kila wiki kama ninavyomjazia mtu kibuyu, na kupima sikupima. Mimi, Felisita, niliyewachapa ninyi kwa kutopima mistari ya daftari." Kicheko kikapita uani, naye akangoja kiishe. "Sindayigaya aliitoa. Ringi nimezipima kwa kidole changu mwenyewe."

"Maneno, mama."

"Basi tusitumie maneno. Unarudi Mwanza kwa njia ya Biharamulo?"

"Leo hii, na msafara wa saa nne."

"Nitakuja nao mpaka Nyamahanga. Wewe kaa nyuma yangu na lori lako tupu. Akitoa moshi au akizima, mpakie bure, sitadai hata ng'ombe mmoja. Akifika, humtaki tena."

Irakoze akashika kichwa. "Shemeji! Msafara haumngoji mtu porini. Askari hawasimami."

"Ndiyo maana utakaa kiti cha pili. Ukitishika, utanisaidia kusukuma."

Siku zile magari hayakupita pori peke yake kwa sababu ya majambazi. Yalikusanyika, yakapangwa, yakasindikizwa na askari. Kati ya malori Dokta alionekana kama kiatu kilichosahaulika njiani. Irakoze alikaa amekumbatia kofia yake, na kila kilima alikuwa akigeuka kutazama nyuma, asione kitu ila uso wa Nyanda juu ya usukani. Lami ilikuwa imechimbika, na Felisita aliyakwepa mashimo moja baada ya jingine, kwa sababu gari fupi haliwezi kudharau shimo. Kilomita ya sitini, katikati ya pori, walipanda kilima kirefu ambacho malori yalikipanda kwa gia ya kwanza. Mshale wa joto ukainuka. Felisita akautazama, akapunguza gia, akamwimbia Dokta kimoyomoyo ule wimbo wa kanyaga, achia. Mshale ukasimama pale pale. Walipovuka kilele, Irakoze aliachia kofia.

"Hata harufu hakuna," akasema, kama mtu aliyeibiwa.

Nyamahanga walifika jua likiwa limepita utosi. Nyanda akashuka na kuja moja kwa moja kwenye kijiti.

"Acha," Felisita akasema. "Nusu saa. Oili ishuke."

"Mama, nina safari!"

"Na mimi nilikuwa na siku nne."

Wakangoja, wakala mahindi ya kuchoma. Muda ulipotimia alimpa kitambaa, na Nyanda mwenyewe akafuta, akarudisha, akachomoa. Alikipeleka juani, akakigeuza. Oili ilikuwa kwenye mstari wa juu, labda imeshuka unene wa ukucha. Akakirudisha mahali pake.

"Lori langu linakunywa lita mbili kila safari," akasema. "Mafundi watatu wameniambia ni ringi."

"Huenda ni ringi. Mimi sijui. Nenda Kirushya, umuulizie Sindayigaya. Ila usiende na haraka, hatakwambia kitu siku hiyo hiyo."

Nyanda akacheka, safari hii kwa adabu, akampa mkono kwa kushika kiwiko, kama anavyosalimiwa mkubwa.

Msafara wa kurudi Ngara ulikuwa ukipangwa. Irakoze alimzunguka Dokta, akafuta vumbi kwenye taa kwa mkono wa shati lake, kisha akajikohoza.

"Shemeji, kwenye kile kilima cha pori... nikiendesha mimi?"

"Leseni unayo?"

"Sina."

"Basi kaa."

Askari aliyekuwa akiyapanga magari alilifikia lile jekundu, akalitazama toka taa hadi bomba, kisha akamtazama mama mwenye mvi aliyeshika usukani. Akamwambia asikae katikati ya malori, moshi wa malori hayo utamuua. Apite mbele kabisa, nyuma ya gari la doria. Felisita akakaza kitambaa chake, akayapita malori yote kumi na manane moja baada ya jingine, madereva wakichungulia chini kutoka madirishani mwao, akasimama mbele akingoja bendera ishushwe.